Aliyeachwa jikoni wakati wa tathmini: kusikilizana ndani ya timu ya misheni (uzi mrefu kidogo)

Mleta uzi: Mhasibu wa Usharika

Bwana Yesu asifiwe, wanajukwaa. Wenzetu wasio wa imani hii nawasalimu kwa heshima na nawakaribisha, kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu yeyote aliyewahi kutumwa mahali pamoja na watu wengine.

Kila mwaka shule zinapofunga, vijana wa sharika za mijini hupakia spika, kinanda na magunia ya nguo kwenye basi wakaelekea vijijini kwa kazi ya misheni. Mwaka huu nimeombwa tena kuiongoza timu ya usharika wetu wa Dar es Salaam, na kabla sijajibu nimeona niandike yaliyotokea mara ya kwanza nilipopewa kazi hiyo. Tulikuwa watu 14, tukakaa siku 12 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara, ambako wenyeji wengi ni Wamaasai wafugaji. Sitataja kijiji wala usharika, kwa sababu makosa nitakayoyasimulia ni yangu.

Mimi ni mhasibu, na mhasibu akipewa timu jambo la kwanza analolifanya ni ratiba. Niliichapa kwenye jedwali, nikamgawia kila mtu nakala yake: sala saa kumi na mbili, uji saa moja, kutembelea maboma saa mbili, ibada ya hadhara saa nne. Saa nne niliichagua kwa hoja nzuri kabisa, kwamba jua linakuwa bado halijawa kali na vijana wa sauti wanakuwa wamekwisha kufunga vyombo. Siku ya kwanza walikuja wazee wanne, mtoto mmoja mwenye kikohozi, na sisi wenyewe. Daftari ninalo mpaka leo, na kwenye ukurasa wa siku ile nimeandika: "Mwitikio hafifu. Watu wagumu." Wala sikuuliza saa nne ni saa ya nani.

Ilikuwa kiangazi. Saa nne akina mama walikuwa njiani na punda kwenda kisimani, na wanaume na vijana walikuwa na ng'ombe, ambao kwa ukame ule walikuwa wakinyweshwa kwa zamu, siku moja malishoni na siku moja majini. Mtu pekee aliyekuwa na nafasi saa nne ni asiyeweza kutembea mbali. Hao ndio waliokuja, na walikuja wote.

Jambo la salamu nalo lilitupita hivihivi. Watoto wa kule humwinamishia mtu mzima kichwa ili awaguse utosini. Vijana wetu, kwa upendo wa mjini, wakawa wanaishika mikono ya wale watoto na kuitikisa, na watoto wakabaki wameinamisha vichwa, mikono yao ikitikiswa, wakingoja salamu ambayo haiji. Mimi nilidhani ni haya.

Sasa nifike kwenye kiini. Timu yetu ilikuwa na mama mmoja wa miaka kama 60, mzaliwa wa Kongwa, aliyekuja kutupikia. Katika orodha yangu alikuwa mtu wa 14, chini ya dereva. Wakati wa maandalizi, tulipofika kwenye ajenda ya kupima kiwanja cha kanisa dogo ambalo usharika ulitaka kulijenga kule, alinyoosha mkono akasema, "Mwanangu, hiyo futikamba muiache garini mpaka muwe mmekunywa chai na wazee." Nikamjibu, "Asante mama, tutaliangalia," nikaenda ajenda inayofuata. Mnaohudhuria vikao mnaijua maana ya "tutaliangalia".

Siku ya tatu fundi wetu wa ujenzi na vijana wawili waliitoa futikamba, wakaanza kupima nyuma ya mgunga mkubwa ulio karibu na shule. Ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji tulikuwa nayo, tena ya mdomo mbele ya mashahidi. Haikupita nusu saa wakaja morani wanane na fimbo zao. Hawakumgusa mtu wala kusema neno, walisimama tu kwenye kona ambazo fundi alikuwa ameziwekea vigingi. Laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamaasai, akaja akakaa chini ya ule mti bila kutusalimu. Mwinjilisti mwenyeji, aliyekuwa mkalimani wetu, akaninong'oneza kwa sauti iliyokauka: "Baba, funga hiyo kamba. Ifunge sasa, polepole, usiikimbize."

Kiteto imekuwa na ugomvi mkubwa wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji, na umewahi kumwaga damu. Mtu anayezungumza Kiswahili cha mjini, ametoka kwenye gari, ameshika futikamba, kwa macho ya wenyeji ana maana moja tu, hata awe amevaa fulana yenye msalaba.

Usiku ule nilitoka darasani katikati ya kikao cha tathmini kufuata maji ya moto ya chai. Jikoni, ambalo lilikuwa mafiga matatu upande wa nyuma wa darasa, nilimkuta yule mama amekaa na wanawake watatu wa kijiji, mmoja akiwa Mgogo mwenzake aliyeolewa huko, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatafsiria wengine. Kumbe walikuwa wakija kila jioni. Alikwisha kuyajua yote tuliyokuwa tukiyajadili ndani kwa kubahatisha: kwa nini saa nne hapana mtu, boma lipi lina mgonjwa, nani hazungumzi na nani. Na hakuwahi kutuambia kwa sababu rahisi sana. Tathmini nilikuwa nimeipangia saa mbili usiku, saa ambayo mpishi anaosha sufuria.

Nilipomuuliza habari ya kamba hakunilaumu, alinisimulia habari za baba yake, aliyefanya kibarua katika mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa. Ulianza mwaka 1947, wakaja na matrekta, wapimaji na vigingi, na kufikia 1951 ulikuwa umekufa, kwa kuwa mvua haikutosha na udongo wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu. "Baba alikuwa akisema, walipima kila kitu," akaniambia huku akisugua sufuria. "Habari za mvua tu ndizo ambazo hawakumuuliza Mgogo."

Kesho yake nilikwenda kwa laigwanani pamoja na mama huyo na mwinjilisti, mikono mitupu. Tuliulizana habari kwa muda ambao katika ratiba yangu ungetosha maboma matatu. Nikapewa maziwa kwenye kibuyu, yenye ule moshi wa mkaa wa kusafishia kibuyu, nikayanywa. Kiwanja hakikupimwa safari ile. Tulirudi Dar es Salaam na fedha za matofali zikiwa kamili, na baadhi ya wazee wa kanisa waliniuliza kwa ukali tulikwenda kufanya nini.

Naomba michango yenu. Nimeweka hili kama swali la kweli: mnafanyaje ili mtazamo wa mtu wa 14 ufike mezani kabla kamba haijafunguliwa?

Mchango wa 2: Mwana wa Nyika

Nashukuru kwa uzi, mkuu. Mimi ni Mmaasai wa wilaya hiyohiyo, ingawa sasa naishi na kufanya kazi Dar es Salaam, hivyo nitazungumza kama niliyewahi kukaa kwenye yale mabenchi mliyoyaazima shuleni.

Nilipokuwa mdogo tulitembelewa na timu za namna hii mara nyingi. Tulizipenda nyimbo. Kilichotuchosha ni picha, kwa sababu mgeni alikuwa akimpiga mama yangu picha kabla hajajua jina lake, na nguo za mitumba zilizogawiwa kwa mstari ilhali mama hao walikuwa wamevaa mashuka na shanga zao bora kwa ajili ya wageni. Ukimkuta mtu amevaa nguo yake ya heshima ukampa fulana iliyofifia, unakuwa umemwambia kitu.

Hata hivyo, haki inanitaka niseme la upande wetu pia, maana mleta uzi amejilaumu vya kutosha na sisi hatujasema kitu. Wageni walipokataa maziwa tulihesabu kwamba wanatudharau. Kijana mmoja aliyesema tumbo lake halipokei maziwa alicheka na kuomba radhi, na sisi tukamwita mwongo kwa Kimaasai mbele yake. Nilikuja kuamini baada ya miaka mingi, nilipopanga chumba kimoja na rafiki wa Mtwara ambaye glasi moja ya maziwa ilimlaza siku nzima. Nilimkumbuka yule kijana. Sijui aliko ili nimwambie.

Mchango wa 3: Mtumwa wa Neno

Nimesoma kwa makini na nitasema bila kuficha. Kuna hatari katika mazungumzo haya. Mtume Paulo hakwenda Korintho kufanya utafiti wa maoni. Tukianza kuupa kila mtazamo heshima sawa, tutafika mahali ambapo mhubiri anaogopa kuhubiri. Katika mkoa huohuo wa Manyara, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wamekeketwa, na sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Je, huo nao ni mtazamo wa kukaa nao jikoni na kunywa nao chai? Naomba mleta uzi ajibu hili moja kwa moja.

Mleta uzi: Mhasibu wa Usharika

Mtumishi, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa kilichotokea.

Tulikuwa na muuguzi mstaafu katika timu, na ukeketaji ulikuwa mzigo wake kabla haujawa wa mtu mwingine. Mimi, katika ratiba, nilimpangia dakika 20 za "semina ya madhara" mbele ya hadhara yote, wanaume na wanawake pamoja. Alikataa. Nikamwona mkaidi, nikamwambia hivyo mbele ya vijana, jambo ambalo lilinilazimu kumwomba radhi baadaye. Alichokifanya ni kwenda kwa bibi mmoja ambaye ndiye aliyekuwa mkunga na ngariba wa eneo lile, akakaa naye siku tatu akizungumza habari za uzazi, damu na watoto waliofia tumboni. Alirudi ameelewa kwamba mama mwenye binti asiyekeketwa anaogopa binti huyo hataolewa, na kwamba yule bibi anaishi kwa malipo ya kisu. Muuguzi hakukubaliana na hata moja katika hayo, na alimwambia bibi waziwazi kwamba ni dhambi na ni kosa la jinai. Lakini alimwambia siku ya tatu, akiwa anajua anazungumza na nani, na bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Dakika zangu 20 zingewafanya wote wanyamaze, nasi tungeandika kwenye taarifa kwamba semina ilifanyika.

Kwa hiyo jibu langu, mtumishi, ni kwamba kujua mtu amesimama wapi si kuhamia aliposimama.

Nitaongeza moja linalohusu mahubiri yenyewe. Tulipohamishia ibada jioni, baada ya mifugo kuingia bomani, watu walijaa. Kijana wetu anayesoma theolojia alihubiri Luka 15, ule mfano wa mwenye kondoo mia anayewaacha "wale tisini na kenda nyikani" akamtafute mmoja aliyepotea. Alipomaliza, mzee mmoja akasimama akauliza, "Wale wengine alimwachia nani?" Watu wakaguna kuunga mkono. Kijana alidhani anadhihakiwa, akajibu kwa ukali kwamba huo ni mfano tu. Mwinjilisti ilibidi amweleze kando kwamba mzee hakuwa na mzaha hata chembe, kwani mtu anayeacha kondoo 99 nyikani usiku kwa ajili ya mmoja, kule, asubuhi huwakuta fisi. Mzee alitaka kujua kama huyu mchungaji ni mpumbavu au kama alikuwa na wasaidizi ambao Luka hakuwataja. Mazungumzo yakaendelea mpaka saa nne usiku, na ndiyo yaliyokuwa mahubiri bora ya safari nzima. Sijawahi kuisoma sura hiyo tangu siku ile bila kuwafikiria wale 99.

Mchango wa 4: Binti wa Masasi

Naunga mkono na kuongeza mfano wa kwetu kusini, kwa sababu Mtumwa wa Neno ameuliza jambo ambalo lilikwisha kuulizwa zamani.

Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipokuwa Masasi walikuta jando na unyago, na wengi wao waliona ni giza tupu la kupigwa marufuku. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alichukua njia nyingine. Aliona kwamba mvulana aliyenyimwa jando anabaki mtoto machoni pa ukoo wake hata akiwa na ndevu, na kwamba marufuku ingemlazimisha achague kati ya kanisa na utu uzima. Hivyo kukawa na jando la Kikristo: tohara ikabaki, mafundisho ya porini yakabaki yale yaliyofaa, na sala zikaingia. Makasisi Waafrika, ambao wao wenyewe walipita jandoni, walihusika sana, na bila wao askofu angejuaje lipi litolewe na lipi libaki? Kuhusu unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, na mimi binafsi, kama mwanamke, nadhani kuna mambo ambayo wanaume wale, weupe kwa weusi, hawakuyasikia kwa sababu hawakuwa na wa kumuuliza.

Linganisheni na Kenya mwaka 1929, ambako baadhi ya misheni kwa Wakikuyu ziliwataka waumini waahidi kuachana na tohara ya wanawake au waondoke. Makanisa na madarasa yalipoteza watu wengi, na shule za kujitegemea zikaongezeka kwa kasi. Msimamo wa misheni kuhusu tendo lenyewe ulikuwa sahihi, mimi siutetei ukeketaji hata kidogo, ila wengi waliambiwa waamue kwa alama ya kidole kabla hawajaulizwa chochote.

Mchango wa 5: Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi, mengi umesimulia, lakini utaratibu hujausema. Mlibadilisha nini katika uendeshaji wa timu? Toba ni jambo zuri, ila safari ya pili huongozwa na ratiba, si na toba.

Mleta uzi: Mhasibu wa Usharika

Mwalimu, umenibana mahali pake.

Tathmini tuliihamishia jikoni. Si kwa mfano, namaanisha kwenye mafiga, kila mtu na kigoda au tofali lake, na sufuria zinaoshwa na wote wakati tunazungumza. Mkubwa wa cheo anazungumza mwisho, nami nikakaa kimya mpaka wote wamalize, jambo lililonigharimu kuliko kufunga kula. Na akina mama wa kijiji, ambao walikwisha kuzoea kuja hapo, hatukuwafukuza. Siku mbili za kwanza vijana waliona aibu kuzungumza mbele yao. Siku ya tatu mmoja wa wale akina mama alimkatiza mpiga kinanda wetu, kupitia mkalimani, akamwambia spika ile inawatia ndama hofu.

Kuhusu huyo mpiga kinanda, kuna jambo ambalo sikuliweka mwanzoni kwa sababu linanichoma. Siku ya nane alifunga begi akaondoka na lori la mahindi bila kuniaga. Nilimwandika kwenye taarifa kuwa mtoro, na kwenye kikao cha usharika nilisema hafai kutumwa tena. Matendo ya Mitume 15 inasema habari ya Paulo na Barnaba kuhusu Marko, aliyewaacha Pamfilia, kwamba "palitokea mashindano baina yao hata wakatengana". Mimi nilijiona Paulo. Barnaba wa usharika wetu alikuwa yule mpishi, ambaye alikwenda nyumbani kwa kijana tuliporudi, bila kutumwa na kikao chochote. Alikuta kwamba baba yake kijana alikuwa amelazwa, ujumbe ulimfikia siku ile kijana alipopanda kilimani kutafuta mtandao, na aliponitafuta kuniaga nilikuwa kwenye kikao nikiwa nimeagiza nisisumbuliwe. Mlangoni alikuwa amesimama kijana wa zamu na agizo langu mkononi, limechapwa.

Taarifa ile niliiandika upya, nikaipeleka kwenye kikao kilekile. Kijana hakurudi kwenye kwaya yetu, anaimba usharika mwingine, na tukikutana husalimiana vizuri tu. Paulo mwishoni alimwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Mimi sijafika hapo, kwa sababu bado sijamwomba. Nitamwomba kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, na asipokubali nitaelewa.

Mchango wa 6: Mtumwa wa Neno

Nimesoma majibu. Kuhusu muuguzi nakubali kwamba nilikuwa nimeuliza swali huku nikiwa na jibu mfukoni. Kuhusu ibada kuhamishwa kwa ajili ya ng'ombe bado sijatulia, lakini nitaliwaza. Je, yule mama mpishi anakwenda mwaka huu?

Mleta uzi: Mhasibu wa Usharika

Magoti yamemzidi, mtumishi, hawezi tena barabara ile. Nilimpigia simu juzi nikamsomea rasimu ya ratiba, ambayo safari hii ina nusu ya mambo ya ile ya kwanza, nikitegemea atanisifu. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Mwanangu, jiko mmeliweka upande gani?"

Nikamwambia jiko halimo kwenye ratiba. Akasema basi nimsomee tena ikishaingia.